Kipimo Kilisema Hana

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, juma hili nimepokea barua ya mama mmoja ambaye mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Ameniomba nisimtaje jina, nami nitatii. Anaeleza kwamba bwana huyo alikaa nyumbani majuma matatu, gari likiwa gereji, kisha akapata mzigo akaondoka. Siku ya kuondoka ndiyo siku ambayo mama alitazamia kuona hedhi. Hakuona. Akanunua katika duka la dawa kile kipimo ambacho siku hizi watu hukiita UPT, akapima, ukatoka mstari mmoja. Akamwonyesha mumewe. Bwana akasema haya, Mungu akipenda safari nyingine, akapanda gari. Siku tisa baadaye hedhi ilikuwa bado. Mama akapima tena, na mara hii mistari ikawa miwili. Akapiga simu kwa furaha. Jibu alilolipata ndilo lililomfanya ashike kalamu: "Mimi nimeondoka huna. Hiyo uliyo nayo sasa ni ya nani?"

Mama anataka kujua kipimo kipi kilisema kweli, cha kwanza au cha pili.

Nitamjibu. Lakini sitaanza kwa kumlaumu dereva, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupiga hesabu hiyo hiyo, tena mbele ya bodi ya shule, na kwa hesabu ile mtu alipoteza kazi.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya wasichana ya bweni. Desturi ya pale ilikuwa kwamba kila muhula ukifunguliwa wasichana wa kidato cha tatu na cha nne wapimwe mimba. Miaka ya nyuma matroni aliwapanga mstari akawaminya matumbo. Mwaka huo mkuu wa shule alitaka mambo yaende kisasa, akaamuru mikojo ipelekwe hospitali. Shule ilifunguliwa Jumatatu tarehe 12 Januari. Jumatano tarehe 14 nikakabidhiwa katoni ya sabuni yenye chupa ndogo 62, kila moja ikiwa na jina lililoandikwa juu ya plasta, nikakaa nayo magotini ndani ya gari la shule nikiomba barabara isitikise sana. Mchana nikarudi na karatasi ya majina 62, na mbele ya kila jina neno moja tu: hasi. Niliitia sahihi kwamba nimeipokea. Kisa hiki nitakimalizia mbele. Kwanza tutazame jambo ambalo sikulijua siku ile, nalo ni kwamba neno "hasi" lilikuwa na historia ndefu ya kuwaponyoka watu wenye elimu kunizidi.

Kupima mimba kwa mkojo si jambo la jana. Yako maandishi ya Misri ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 3000, yaliyohifadhiwa Berlin, yanayomwelekeza mwanamke akojolee kila siku mbegu za ngano na za shayiri. Zikiota, ana mimba. Shayiri ikitangulia ni mtoto wa kiume, ngano ikitangulia ni wa kike. Zisipoota, hana. Mtu anaweza kucheka, lakini mwaka 1963 wataalamu wa Misri walichapisha matokeo ya kuijaribu njia hiyo kwa uangalifu. Mkojo wa wanawake wajawazito uliotesha mbegu kwa kiasi cha mara saba katika kumi. Mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuotesha. Habari ya kiume na kike ilikuwa kubahatisha tu. Ninachoomba msikilizaji akizingatie ni upande ambao kosa liliangukia. Mbegu zikiota, mwanamke alikuwa na sababu nzuri ya kuamini. Zisipoota, bado wajawazito watatu katika kila kumi walikuwa wameambiwa hawana. "Ndiyo" ya mbegu ilikuwa na uzito ambao "hapana" yake haikuwa nao. Kumbuka hilo, maana tangu zama za Mafarao mpaka kipimo cha mistari miwili tabia hiyo haijabadilika. Kilichopungua ni ukubwa wake.

Waganga wa Ulaya wa karne za kati, waliokuwa wakiinua chupa ya mkojo kwenye mwanga na kutabiri kila kitu kuanzia mimba hadi kifo, nawapita haraka. Hawakuacha la kutufaa.

Mambo yalianza upya mjini Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waligundua kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito ukidungwa kwa panya jike ambaye hajapevuka, ovari zake huamka na kupevuka kabla ya wakati. Mkojo huo ulikuwa na homoni, na homoni hiyo baadaye ikafahamika kuwa hutoka kwenye chembe zinazojenga kondo la nyuma. Leo huitwa hCG. Kipimo chao kilichukua siku tano hivi na panya kadhaa, ambao ilibidi wauawe na kupasuliwa ili ovari zitazamwe. Kilikuwa kipimo kizuri kwa kadiri ya nyakati zile. Wagunduzi wenyewe hawakustarehe nacho: walikuwa Wayahudi, na utawala wa Hitler ukawatoa Ujerumani. Aschheim alikwenda Ufaransa. Zondek alipitia Sweden, akaishia Yerusalemu.

Mwaka 1931 Maurice Friedman na Maxwell Lapham, huko Marekani, wakaweka sungura mahali pa panya, na jibu likapatikana kwa siku mbili hivi. Wamarekani wakazoea kusema "sungura amekufa" kwa maana ya kwamba fulani ana mimba. Usemi huo ulikuwa wa uongo, kwa kuwa sungura alipasuliwa kwa vyovyote vile, mimba iwepo isiwepo.

Halafu ikaja zamu ya Afrika, na hapa naomba nitue kidogo. Katika madimbwi ya Afrika Kusini yuko chura wa majini mwenye kucha miguuni, mwili bapa na ngozi ya utelezi. Ndugu zake wako hata huku kwetu, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Lancelot Hogben, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alionyesha mwaka 1930 kwamba jike la chura huyo likidungwa dawa iliyotolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa ng'ombe, hutaga mayai. Hogben aliondoka Afrika Kusini mwaka huo huo, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulimchukiza. Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wa hapo hapo Cape Town, wakachukua hatua iliyofuata: badala ya dawa ya tezi wakadunga mkojo wa mjamzito, wakatangaza matokeo yao mwaka 1933 na 1934. Jioni unamdunga chura, unamwacha ndani ya chupa ya maji, na asubuhi unatazama. Kama mwanamke ana mimba, chini ya chupa kuna mayai yanayoonekana kwa macho. Hapakuwa na kisu wala darubini, na chura mwenyewe alirudishwa kwenye tangi akapumzike apate kutumika siku nyingine.

Kwa miaka zaidi ya 20 vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani. Mwanamke wa Uingereza alipotaka kujua kama ana mimba, mkojo wake ulitiwa kwenye chupa, ukatumwa kwa posta, na jibu likatolewa na chura wa Afrika. Ila na chura naye alikuwa na mpaka wake. Mwanamke alitakiwa awe amekosa hedhi kwa majuma mawili hivi ndipo homoni iwe nyingi kiasi cha kumwamsha. Akitangulia, chura hakutaga. Na kuna chura asiyetaga kwa sababu zake mwenyewe, amechoka au anaumwa, ndiyo maana maabara makini hawakumwamini chura mmoja.

Mwaka 1960 Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden waliwapumzisha wanyama. Walitumia kingamwili, yaani askari wa mwili waliofundishwa kuitambua homoni ya mimba, na jibu likasomwa ndani ya tyubu kwa saa mbili hivi. Kutokana na njia hiyo kukaja kipimo cha kioo, ambapo tone la mkojo huchanganywa na dawa juu ya kipande cha kioo na jibu kuonekana kwa dakika chache. Hicho ndicho kilichopima chupa zangu 62. Kilikuwa chepesi na rahisi, lakini kilikuwa kizito wa kusikia. Kilihitaji homoni ya kiasi cha mamia, na mara nyingi zaidi ya uniti elfu moja kwa lita, ndipo kiitikie. Kijiti cha leo huitikia kwa uniti 25.

Kuhusu safari ya kipimo kutoka maabara hadi nyumbani nitasema kwa kifupi, ingawa inastahili siku yake. Mwaka 1967 binti mmoja Mmarekani, Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya Organon kubuni maboksi ya vipodozi, aliona tyubu zimepangwa maabara, chini yake kioo cha kujitazamia, akauliza kwa nini mwanamke asijipimie mwenyewe. Wakubwa wake hawakufurahi, lakini kipimo chake kikauzwa Canada mwaka 1971. Kwa hataza ile aliahidiwa dola moja, na anasema hata hiyo hakupewa. Vipimo vya nyumbani vilipoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, tangazo lenyewe la kampuni moja lilisema wazi: majibu ya "ndiyo" ni sahihi kwa asilimia 97, ya "hapana" kwa asilimia 80. Yaani katika wanawake watano walioambiwa hawana, mmoja anayo. Maneno hayo yaliandikwa kwenye tangazo, na sijui ni wangapi waliyasoma.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, wakavumbua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, na kufikia mwaka 1988 kukawa na kijiti kinachofanya kazi yote chenyewe. Kingamwili moja huikamata homoni, nyingine hubeba rangi, na homoni ikishikwa katikati yao mstari hutokea.

Basi, je, kijiti hicho kimemaliza udhia? Kimemaliza udhia wa chombo. Udhia wa mwili uko pale pale. Kipimo hakimwoni mtoto, kinaona homoni, na homoni haipatikani mpaka mimba ijipandikize kwenye ukuta wa mji wa mimba. Watafiti wa Marekani walikusanya mikojo ya kila asubuhi ya wanawake waliokuwa wakitafuta mimba huko North Carolina. Mwaka 1999 walitangaza kwamba kwa walio wengi mimba hujipandikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Wachache siku ya 6, wengine hadi siku ya 12. Mwaka 2001 wakatoa hesabu ambayo laiti ingebandikwa kwenye kila duka la dawa. Siku ya kwanza ya kukosa hedhi, mimba kama 10 katika 100 bado hazijajipandikiza. Hizo hakuna kipimo duniani kitakachoziona, hata kiwe cha bei gani. Baada ya juma moja zaidi, kipimo chenye usikivu wa hali ya juu kabisa kinaweza kuona hadi 97 katika 100.

Na hizo 90 zilizojipandikiza, si zote zinazoonekana siku ile. Homoni huanza kama tone na kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili hivi. Aliyejipandikiza jana ana homoni kidogo mno, na akiwa amekunywa maji mengi mkojo huwa mwepesi zaidi. Ndiyo sababu huelekezwa kupima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Kisha liko jambo linalowashangaza hata wauguzi. Homoni hupanda hadi kilele kati ya juma la 8 na la 11, halafu hushuka. Mimba ikishakua, vipande vya homoni iliyovunjika hujaa kwenye mkojo, na katika baadhi ya vipimo hufurika mpaka kingamwili moja inashika vipande na nyingine inashika homoni, zisikutane. Mstari haujitokezi, ama unatokea hafifu. Hivyo mwanamke mwenye tumbo linaloonekana anaweza kuambiwa hana. Mimba zabibu, ambayo homoni yake huwa nyingi kupita kiasi, huweza kufanya hivyo hivyo, na hiyo ni hatari.

"Ndiyo" nayo ina masharti yake, ingawa ni machache. Mwanamke aliyejifungua au ambaye mimba imeharibika hubaki na homoni kwa majuma kadhaa. Tena kijiti kinasema mimba ipo. Hakisemi iko wapi. Mimba iliyotunga kwenye mrija, nje ya mji wa mimba, hutoa mistari miwili kama nyingine. Mwenye mistari miwili na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, au damu, au kizunguzungu, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye katoni ya sabuni. Mwezi wa Aprili 1987 matroni aligundua kwamba msichana mmoja wa kidato cha nne, kiranja wa jikoni, alikuwa mjamzito. Bodi ikakutana. Msichana akasema bila kuzungusha kwamba jambo hilo lilitokea kwao wakati wa likizo, siku za mwaka mpya. Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, majibu ya Januari yalisemaje?" Nikasimama, nikasema: "Hasi, mheshimiwa." Ikawa imekwisha. Kama alikuja hana, basi aliipatia shuleni, na kama aliipatia shuleni, wa kutafutwa ni mwanamume wa shuleni. Kulikuwa na mpishi kijana aliyeanza kazi mwanzoni mwa Februari, na kiranja wa jikoni kila siku yuko naye stooni akipokea unga. Hakuna aliyemwona kwa ubaya wowote. Alifukuzwa siku ile, mshahara wa mwezi ukakatwa, na msichana akafukuzwa juma lile lile kama sheria ya wakati huo ilivyotaka.

Mtoto alizaliwa tarehe 25 Septemba, akiwa na kilo tatu na robo. Shuleni wakasema ni njiti.

Mimi nilielewa mwaka 1996, nimekaa kwenye benchi la kliniki na mke wangu, pale daktari alipotuambia tumekuja mapema mno, turudi juma linalofuata. Tuliporudi jibu lilikuwa limegeuka. Palepale benchini nikahesabu kwa vidole. Mimba iliyotunga tarehe 3 Januari hivi, tarehe 14 ilikuwa na siku 11. Ilikuwa ndiyo kwanza imejipandikiza. Hata kijiti cha leo kingesema hapana, sembuse kile kioo. Na kutoka tarehe 3 Januari hadi tarehe 25 Septemba ni siku 265, muda kamili wa mtoto wa kilo tatu na robo. Kama ingekuwa ya mpishi, mtoto angezaliwa mwisho wa Oktoba. Hesabu hiyo mtu yeyote kwenye bodi angeweza kuipiga, nami nikiwamo. Nilimwandikia mpishi kwa anwani ya kijijini kwao. Barua ilirudi na maandishi ya posta kwamba mwenyewe amehama.

Mambo ya shule yamebadilika kiasi. Mwezi Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliopata mimba wanaweza kurudi shule baada ya kujifungua. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima ni kuvunja haki zao, ikataka kukomeshwe. Katika mjadala wote huo nilisikia mengi kuhusu heshima na maadili. Sikusikia mtu akiuliza kile kipimo cha mwanzo wa muhula kinaweza kuona nini na hakiwezi kuona nini.

Mama mwandishi wa barua, jibu lako ni hili. Vipimo vyote viwili vilisema kweli, kila kimoja kwa siku yake. Cha kwanza kilisema kwamba asubuhi ile homoni haikutosha kuonekana, na siku ya kwanza ya kukosa hedhi hilo ni jambo la kawaida. Cha pili ndicho shahidi wako. Mimba iliyotunga baada ya mumeo kuondoka, siku tisa baadaye ingekuwa bado inatafuta mahali pa kujipandikiza, au imejipandikiza jana. Ni vigumu mno kwayo kutoa mistari miwili. Na hedhi uliikosa yeye angali nyumbani.

Nawe bwana dereva, ikiwa unanisikiliza njiani, ukirudi nenda naye kliniki. Utrasaundi ikifanywa mapema, kabla ya majuma 14, hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba hivi. Ila muulize daktari anahesabu kuanzia lini. Wao huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo ni majuma mawili hivi kabla mimba yenyewe haijatunga, usije ukatoka pale na hesabu nyingine.